Labeka ya Macho

Winarsih alilisikia kofi kabla hajaliona. Alikuwa nyuma ya meza yake ya kuuzia pecel, mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga, anasaga karanga na pilipili kwenye kinu cha jiwe, na sauti ikamjia kutoka uwanjani: pah! Alipogeuka, mwanawe Danar alikuwa amekaa kitako kwenye vumbi, kiganja sikioni, anamwangalia baba yake mkubwa kama mtu aliyezinduliwa usingizini.

"Nimekuita mpaka koo limekauka!" Pakde Karsono alifoka. "Unanipa mgongo? Mimi?"

"Ha?" alisema Danar.

Hilo "ha" ndilo lililomponza. Kofi la pili lilitua palepale pa la kwanza, na safari hii mtoto alilala chini kabisa. Watoto wengine waliokuja kujifunza silat, mchezo wa kupigana, waliokuwa wamepanga mstari na nguo zao nyeusi, waliangalia vidole vyao vya miguu.

Kule Madiun, kisiwani Java, mtoto akiitwa na mkubwa haitiki "nini" wala "ee", na kuitika "ha" ni sawa na kumtemea mkubwa mate. Anaitika "dalem", ndiyo labeka ya kule, na anaitika ameinamisha kichwa. Asiyejua dalem hakulelewa, alifugwa. Pakde Karsono, ambaye nusu ya vijana wa mtaa ule walijifunza kupiga na kupigwa mikononi mwake, hakuwa tayari watu waseme kwake kuna mtoto wa kufugwa. Nyumba ilikuwa yake na uwanja wake. Mdogo wake Gunadi, mume wa Winarsih, aliishi chumba cha uani na mkewe na mtoto, na alikuwa akimwogopa kaka yake tangu hajang'oa meno ya utotoni.

Winarsih alifika na mikono imejaa karanga, akamwinua mwanawe.

"Mbona unampiga sikioni, Pakde? Matako hana?"

"Nimepiga penye ugonjwa. Masikio yameziba kwa kiburi."

"Ana miaka minane."

"Mimi kwa miaka hiyo nilichapwa na baba mpaka nikajikojolea, na nimekuwa mtu. Rudi kwenye karanga zako, bibi msomi. Mteja anasubiri."

Mteja alikuwa kweli anasubiri, sahani mkononi, shingo imerefuka ili asipitwe na kitu. "Na wewe kaa chini!" Winarsih alimwambia, na yule mtu mzima akakaa.

Jioni ile kwenye mto wa Danar kulikuwa na doa la damu iliyochanganyika na maji. Winarsih aliligeuza godoro zima akitafuta kunguni wa kulaumu, hakupata. Akamwita mtoto akiwa amempa mgongo. Hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu zaidi. Hapo aligeuka, lakini kwa upande ambao mama yake hakuwepo.

"Gunadi, huyu mtoto hasikii."

Mumewe alikuwa anavua viatu vya kazi. Alikuwa mchomeleaji vyuma, mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. "Anasikia akitaka. Jana nimefungua biskuti, akaja mbio kutoka nje."

"Alikuona."

"Juzi Pakde kamwita mara moja tu, akaitika."

"Juzi mafua yalikuwa yamepungua. Akishikwa na mafua ndiyo anakuwa kiziwi. Na analala mdomo wazi, anakoroma kama mzee wa kilabuni. Wewe huoni?"

"Mimi naona unatafuta ugomvi na kaka."

"Kaka yako ndiye katafuta. Kapata sikio la mtoto."

Pakde alisikia maneno hayo, maana kuta za nyumba ile zilikuwa za mbao, na hakukasirika. Alikuja mlangoni na tabasamu na sigara yake ya karafuu. Kama sikio limeziba, alisema, dawa ipo, marehemu baba yao alikuwa akiitumia. Kabla Winarsih hajanyanyuka, alikibana kichwa cha Danar kwapani kama anayebana jogoo wa kuchinja, akavuta moshi hadi mashavu yakavimba, akaupuliza wote ndani ya sikio. Mtoto alipiga ukelele, akajipinda, mateke yakagonga mlango. Gunadi alisimama na kiatu kimoja mguuni.

"Mwachie!" Winarsih alimvuta Pakde mkono.

"Tulia, shemeji. Moshi unafukuza upepo." Akapuliza na sikio la pili.

Kesho yake asubuhi Winarsih hakufungua meza. Alimpandisha Danar kwenye pikipiki, wakaenda zahanati, na hakumwambia mtu.

Daktari Hapsari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwamuzi wa mpira. Alitazama sikio la kwanza na taa yake, akatazama la pili, akarudi la kwanza, akavuta pumzi puani.

"Nani kampiga huyu?"

"Baba yake mkubwa."

"Kwa kiganja wazi?"

"Ndiyo."

"Basi ngoma ya sikio la kulia imepasuka. Hewa ya kofi imeichana kama karatasi. Hiyo itajifunga yenyewe, nyingi hujifunga, mradi lisiingie maji wala kitu chochote. Lakini sikiliza, mama. Hata kabla ya kofi huyu alikuwa hasikii vizuri. Upande wa kushoto nyuma ya ngoma kumejaa ute mzito kama gundi, na nadhani kulia ilikuwa hivyo hivyo."

"Nta?"

"Nta si neno, nta tunailainisha tunaitoa. Huu uko ndani, kijiti hakifiki. Na vijiti vya pamba umevitumia, usinifiche."

"Nimevitumia."

"Acha. Vinasukuma nta ndani tu." Alichora kwenye mkono wake mwenyewe kwa kidole. Kuna mrija mwembamba kutoka sikioni hadi nyuma ya pua. Wa mtoto ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua kidogo tu, au nyama za nyuma ya pua zikivimba, unaziba. Hewa haiingii, ute hautoki. Mtoto anasikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Leo zaidi, kesho kidogo. "Ndiyo maana watu husema anasikia akitaka. Wangapi nimewaona wanachapwa kwa ajili hiyo!"

Dawa ilikuwa ndogo kuliko Winarsih alivyotegemea. Kusubiri, maana kwa watoto wengi ute hukauka wenyewe ndani ya miezi michache. Kutibu mafua. Kumtoa kwenye moshi wa sigara, wa aina yoyote, na wa karafuu usijidai ni dawa. Kusema naye uso kwa uso. Kumrudisha apimwe tena. Asipopona, hospitali kubwa watamtoboa ngoma ya sikio tundu dogo la makusudi, waweke kijineli cha kupitisha hewa, na pengine wamkate zile nyama za puani.

"Na makofi?" aliuliza Winarsih.

"Makofi mpe huyo baba mkubwa," alisema daktari, kisha akakumbuka cheo chake. "Hilo sikulisema."

Winarsih aliyafikisha yote kwa Pakde neno kwa neno, hata la makofi. Pakde alicheka hadi akakohoa. Ute! Gundi! Hao wamesoma ili wawape watu majina ya utovu wa adabu. Lakini tangu siku ile hakumpiga Danar sikioni. Alimpiga kwa bakora ya henzirani, miguuni, kila alipoitwa asiitike.

Na bakora ikafanya kazi. Hapo ndipo walipokosea wote, na Winarsih naye. Kabla mwezi haujaisha Danar alianza kuitika. "Dalem, Pakde." "Dalem, Bapak." "Dalem, Ibu." Kichwa chini, mkono kifuani, kama mtoto wa ikulu. Majirani walimsifu. Bu Ratmi wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe Galih alikuwa na ulimi wa muuza samaki, alisema angempeleka Galih alale kwa Pakde wiki nzima labda naye angerekebika.

"Unaona?" Pakde alimwambia Winarsih. "Ute umekauka. Umekaushwa na henzirani."

Winarsih aliuma meno, lakini moyoni alifurahi. Mtoto anaitika, mtoto anayeitika si anasikia? Siku moja Gunadi alipiga mwayo tu, mdomo wazi, na Danar akaruka kutoka mkekani: "Dalem, Bapak!" Walicheka mpaka machozi, baba na mama. Siku ya kurudi zahanati ilifika, kulikuwa na oda ya pecel ya watu wa harusi, Winarsih akaona isiwe tabu. Mtoto si amepona.

Mashindano ya Agosti, ya sikukuu ya uhuru, yalifanyika palepale uwanjani kwa Pakde, mchana, bendera zimetundikwa kwenye kamba na ngoma mbili zinapigwa bila kupumzika. Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Danar alipangiwa Galih. Walikuwa sawa kwa kimo, lakini Galih alikuwa na maneno.

"Haya njoo, mtoto wa dalem!" alimwambia wakizunguka. "Njoo nikufundishe kuitika!"

Danar alisogea karibu. Alikuwa anaangalia midomo ya Galih, kwa makini sana, na kitu fulani usoni mwake kikabadilika.

Winarsih alikuwa anauza pecel kando ya uwanja. Aliona teke la kwanza, safi, tumboni. Aliona Galih akikunjika na Danar akimvuta nywele na kumpigiza goti mdomoni. Watu wakashangilia. Galih alianguka kwa mkono wake mwenyewe, na mkono ukakaa vibaya, umepinda pasipo na kiungo.

"Basi!" Pakde alipaza sauti kutoka nyuma ya Danar. "Basi!"

Danar alimkalia Galih kifuani, akaanza kumpiga ngumi za uso. Hakuwa na haraka. Alipiga kama mtu anayetwanga, kulia, kushoto, kulia, na kila ngumi ilitoka imelowa zaidi ya iliyotangulia. Ngoma zilikuwa bado zinalia.

"Danar! Basi nimesema!"

Jino la Galih liliruka, likatua kwenye vumbi jeupe. Bu Ratmi alianza kupiga mayowe. Ngoma zikanyamaza, moja kisha ya pili, na katika kile kimya watu wote walimsikia Pakde akiita, "Danar! Danar!" na wote waliona mtoto anaendelea kupiga. Hakushtuka wala hakugeuza jicho. Alikuwa peke yake kule alikokuwa.

Ndipo kivuli cha Pakde kilipomwangukia. Danar aliinua uso, akaona mdomo wa mkubwa uko wazi. Akasimama upesi. Akaunganisha visigino, akaweka kifuani mkono unaochuruzika damu ya mwenzake, akainamisha kichwa.

"Dalem, Pakde."

Kwa upole. Kwa sauti nzuri kabisa.

Watu wengine walicheka, kicheko cha woga, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Pakde wazimu. Aliona anakejeliwa mbele ya mtaa mzima, kwenye uwanja wake. Bakora ilishuka shingoni, ikashuka mgongoni, mtoto akapiga magoti, ikashuka kichwani, na kila iliposhuka Danar alisema, "Dalem. Dalem, Pakde. Dalem."

Winarsih alielewa yote kwa mara moja, kuanzia lile kofi hadi ule mwayo. Mwanawe hakuwa anaitika sauti. Alikuwa anaitika midomo. Kila mdomo uliofunguka mbele yake ulikuwa bakora inayokuja, na alikuwa amepata neno moja la kuizuia.

Hakukumbuka kuuchukua mchi wa jiwe. Ulikuwa tayari mkononi, mzito, una karanga. Alipita katikati ya watu, na Pakde alipoinua bakora tena aliupiga ule mkono chini ya kiwiko, kwa nguvu zake zote za kusaga miaka kumi. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Bakora ilidondoka.

"Wewe mwanamke!" Pakde alinguruma, na kwa mkono uliobaki akamshika koo.

"Mfundishe!" mtu alipiga kelele ukutani, haikujulikana anamwambia nani.

Winarsih alimpiga mchi wa bega. Vidole vya Pakde vilizidi kukaza, uwanja ukaanza kuwa mweusi kando kando. Kisha vikalegea. Gunadi alikuwa amemkumbatia kaka yake kwa nyuma, amemnyanyua kutoka ardhini kama gunia, na alikuwa analia kwa sauti huku hamwachii.

"Basi, kaka. Basi. Nitakuvunja, wallahi nitakuvunja, basi."

Gari lililopatikana lilikuwa moja, la kubebea tofu, kwa hiyo walikwenda hospitali wote pamoja: Galih mapajani kwa mama yake, Pakde na mkono wake kwenye kanga ya mtu, Danar katikati ya wazazi wake, kichwa kimefungwa. Njia nzima hakuna aliyesema kitu. Danar aliangalia midomo yao iliyofungwa, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika miezi akasinzia.

Daktari wa masikio alimsimamisha Danar katikati ya chumba cha majeruhi, akaenda nyuma yake, akamwita kwa sauti ya kawaida. Kimya. Akapiga makofi. Kimya. Akaita kwa nguvu, na Danar akageuza kichwa kidogo, kama anayesikia mbwa wa kijiji cha pili. Pakde aliona yote kutoka kwenye kitanda chake. Alitazama, akatazama ukuta.

"Sikio moja lina usaha, lile lililopasuka," alisema daktari. "La pili limejaa pomoni. Mbona mmechelewa hivi?"

"Alikuwa anaitika," alisema Winarsih.

"Anaitika vipi?"

Winarsih aligusa midomo yake mwenyewe kwa kidole. Daktari alisema watalisafisha lile la usaha kwa dawa za matone, la pili wataweka kijineli, na nyama za nyuma ya pua zitatoka zote. Zilikuwa zimevimba hadi hewa haipiti.

"Hakuna kisu kwenye watoto wa nyumba yetu," Pakde alisema kutoka kitandani. "Gunadi. Unanisikia?"

Gunadi alikuwa anamshikilia mwanawe mabega. Hakuinua kichwa. "Mkate, daktari," alisema. "Lini?"

Walimpasua wiki iliyofuata, usaha ulipopungua. Gunadi alikuwa ameshahamisha vitu kwa mama mdogo wa Winarsih, ng'ambo ya mto, na mtaa ulikuwa umegawanyika: wengine walisema Winarsih alimwokoa mwanawe, wengine walisema mwanamke anayemvunja mkono shemeji yake mkubwa mchana kweupe naye alifugwa. Pakde hakupeleka habari polisi. Mwalimu wa silat hawezi kwenda kuandikisha kwamba kavunjwa na muuza pecel.

Bu Ratmi ndiye aliyekuja. Winarsih alimwona anatokea mwisho wa ukumbi wa wodi, kiatu kimoja kinaburuzika, na akafunga mlango wa chumba nyuma yake, maana Danar alikuwa bado amelala kwa dawa ya usingizi.

"Galih anakulaje sasa, unajua?" Bu Ratmi aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini. "Kwa mrija. Taya limefungwa waya. Mtoto wangu aliyekuwa anaongea tangu jua linachomoza."

"Najua."

"Hujui. Ulisema mwanao kapona. Nikakusifu. Ulikuwa umeambiwa na daktari kwamba hasikii, na ukamwachia aingie uwanjani na mtoto wa mwenzio."

"Ni kweli."

Bu Ratmi alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alipoukosa alisimama hajui afanye nini na mikono yake, kisha mkono mmoja ukajua. Alimpiga Winarsih kofi la shavu, la mwili mzima, hadi bega likagonga ukuta. Muuguzi aligeuka mbali kule na beseni lake.

Winarsih alionja damu. Hakuinua mkono.

"Lingine kama unataka," alisema. "Kisha tuongee habari ya meno yake, nitafanya nini."

Bu Ratmi alianza kulia, kwa kelele, kama anayeumwa tumbo. Na mlango ukafunguka.

Danar alisimama pale na gauni la hospitali limemvuka magoti, pamba puani, miguu mitupu. Alikuwa ametoka kitandani peke yake. Hakuangalia midomo ya mtu. Aliangalia shavu la mama yake.

"Nimesikia," alisema. "Nani kakupiga?"

Winarsih alitaka kucheka, alitaka kupiga magoti, alitaka amwambie aseme tena. Mlango ulikuwa umefungwa. Mbao nene, chumba kizima katikati, na alisikia.

Lakini mtoto alikuwa haongei na mama yake tena. Alikuwa amemgeukia Bu Ratmi, ametanua miguu jinsi alivyofundishwa, na kando ya gauni ngumi zake mbili zilikuwa zimekunjwa, ndogo, ngumu, tayari.

"Mimi nilimpa ruhusa," alisema Winarsih. Alichuchumaa mbele yake, akakinga njia kwa mwili wake, akaishika ngumi ya kulia. Haikufunguka. "Danar. Sikia sauti yangu. Hakuna anayekupiga hapa." Alianza na kidole gumba, akakikunjua kwa nguvu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.